Mlango Ukifungwa na Wengine: Filbert Bayi na Fadhila ya Nguvu



Vijana wenzangu, katika fadhila nne za msingi, yaani busara, haki, nguvu na kiasi, nadhani nguvu ndiyo tunayoielewa vibaya zaidi. Huku kwetu Ngana, ukiuliza nani ana nguvu, utaonyeshwa kijana anayebeba gunia la mpunga peke yake. Sawa, hiyo nayo ni nguvu. Lakini Kanisa linaposema nguvu linamaanisha moyo unaoshika lililo jema hata linapouma. Tujifunze kwa Mtanzania mwenzetu, Filbert Bayi.

Bayi alizaliwa mwaka 1953, Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia fainali ya mita 1,500. Wakimbiaji wengi wa mbio hizo hujificha ndani ya kundi, wakisubiri mzunguko wa mwisho. Bayi hakusubiri mtu. Alitoka mbele mwanzoni kabisa na akabaki mbele hadi utepe. Dakika 3, sekunde 32.16: rekodi ya dunia! Mwenyeji John Walker alimfuata kwa dakika 3, sekunde 32.52, naye pia akiwa chini ya rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun. Muda ule wa Bayi ulibaki rekodi ya Michezo ya Madola hadi mwaka 2022. Mwezi Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, akavunja pia rekodi ya dunia ya maili moja.

Basi dunia nzima ikawa inasubiri Olimpiki ya Montreal, 1976: Bayi na Walker tena. Haikutokea. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikasusia michezo. Walker akachukua dhahabu bila Bayi uwanjani.

Hapa tusipite haraka. Kususia kule kulikuwa kwa ajili ya haki ya ndugu zetu waliokandamizwa kwa sababu ya rangi yao. Mimi naamini sababu ilikuwa njema. Lakini hata sababu njema ina gharama, na gharama hiyo haigawanywi sawa. Sisi wengine tulipata heshima ya msimamo wa nchi. Yeye alipoteza mbio za umri wake bora. Ukweli wote huo tuubebe pamoja, tusifiche upande mmoja.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba tendo kuu la nguvu si kushambulia, ni kuvumilia. Anatoa sababu tatu. Kwanza, anayevumilia anapambana na kitu kinachomzidi. Pili, hatari ya anayeshambulia iko mbele, ila ya anayevumilia imeshamfika. Tatu, kuvumilia kunachukua muda mrefu. Ziweke juu ya Bayi uone: uamuzi ulikuwa mkubwa kuliko yeye, ulikuwa umeshapitishwa, na Olimpiki nyingine ilikuwa mbali kwa miaka minne. Christchurch ilidai dakika tatu na nusu za ujasiri. Montreal ilidai miaka.

Mwaka 1980, Moscow, alirudi kwa mbio nyingine kabisa: mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Akaongoza tena kwa mtindo wake, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho. Akapata fedha. Mwenzake Suleiman Nyambui naye alipata fedha katika mita 5,000. Baadaye Bayi alianzisha shule na kuitumikia Kamati ya Olimpiki Tanzania kama katibu mkuu.

Rafiki, huenda nawe umefungiwa mlango na wengine: mkopo wa chuo haukutoka, ada ilihamishiwa kwenye matibabu ya mdogo wako, kazi alipewa mwingine. Kuvumilia si kukaa kijiweni kusubiri. Kama kuna dhuluma, isemee, hiyo ni haki. Lakini usiache chuki ikukalie moyoni, na endelea na zoezi. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo kutoka kifungoni, hakujisifu kuwa wa kwanza. Alifurahi kwamba mwendo ameumaliza na imani ameilinda.

Tutafakari wiki hii:
1. Ni mlango gani umefungwa kwangu bila kosa langu?
2. Nani anabeba gharama ya jambo jema tunalolifurahia wote, nyumbani au kigangoni? Nimewahi kumshukuru?
3. Ni "mbio nyingine" ipi Mungu ananiita kuianza?

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyevumilia msalaba kwa ajili yetu, utujalie fadhila ya nguvu. Tunapozuiwa, utulinde tusichukie. Tunapochelewa, utulinde tusikate tamaa. Amina.