SOMO: KUTENGA CHUMVI NA FLORAIDI KATIKA MAJI

Mwanachama akisikia kwamba nguvu za atomiki zaweza kugeuza maji ya bahari yakawa ya kunywa, asidhani ni hadithi. Mji wa Aktau, kando ya Bahari ya Kaspi nchini Kazakhstan, uliishi kwa maji ya namna hiyo. Kinu cha atomiki kilichoanza kazi mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1999 kilitoa joto la kuchemshia maji ya bahari. Mvuke wake ukapozwa na kuwa maji matamu, chumvi ikabaki nyuma. Njia nyingine, iliyoenea sasa katika nchi za Ghuba, ni kuyasukuma maji kwa nguvu yapite katika utando usiopitisha chumvi. Zote mbili hudai nishati nyingi.

Je, jambo hili lauhusuje mji wa Babati? Ziwa Babati ni la maji baridi. La magadi ni Ziwa Manyara. Lakini katika Bonde la Ufa maji ya kisima yaweza kuwa matamu mdomoni na bado yakawa na floraidi nyingi, itokayo katika miamba ya volkano. Mtoto anayeyanywa huota meno yenye madoa ya kahawia. Kiasi kikizidi kwa miaka mingi, mifupa hupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vya muda vya Tanzania vya mwaka 1974 viliruhusu hadi 8.

Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua, floraidi hubaki sufuriani. Kule Aktau kilichonywewa ni mvuke uliopozwa.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimechunguza njia iliyo nafuu kwa vijiji, yaani mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, ikavunjwa chengachenga na kujazwa katika ndoo. Maji yakipita humo, floraidi hunasa. Mifupa isiyoiva hutia maji harufu mbaya. Iliyoungua ikawa nyeupe hupoteza nguvu. Tena mkaa huchoka, na ulimi hauwezi kutambua siku uliyochoka. Hapo ndipo miradi hukwama: fedha za ndoo hupatikana, za mkaa wa mwaka wa pili hazimo katika makisio.

Magadi ya kulainishia maharage nayo yaweza kuwa na floraidi, hivyo chujio laweza kutoa kile ambacho jiko linarudisha.

Kamati inayokusudia kuchimba kisima ipeleke kwanza maabara sampuli ya maji ya visima vya jirani, na ya kisima chenyewe kabla ya kufunga pampu. Kisha mkutano mkuu ujadili: mkaa utanunuliwa kwa mfuko upi, na nani atakayepima maji kila msimu?