Kipimo Kimoja Hakitoshi: Somo la Kimo kwa Mfano wa Daraja la Chini

Katika kufundisha vipimo, walimu wengi huridhika pindi mwanafunzi anapoweza kusoma rula bila kukosea. Ustadi huo ni wa lazima, lakini hautoshi. Kipimo hupata maana kinapolinganishwa na kipimo kingine: upana wa mlango na ule wa kabati litakalopitishwa, au nafasi iliyo chini ya daraja na kimo cha lori linalokuja. Katika makala haya tunakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi ya kufundisha ulinganishaji huo katika Darasa la Nne au la Tano, kwa kutumia kisa cha kweli na zana zisizogharimu fedha.

KISA CHENYEWE

Katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina, nchini Marekani, kuna daraja la reli lililojengwa mwaka 1940, ambalo barabara ya Gregson hupita chini yake. Nafasi iliyoachwa kati ya barabara na daraja ilikuwa futi 11 na inchi 8, yaani karibu mita 3.56. Nafasi hiyo yatosha kwa magari madogo, bali haitoshi kwa malori mengi ya siku hizi. Mwaka 2008 mtu mmoja aliyefanya kazi jirani na hapo aliweka kamera, na tangu hapo zimepatikana picha za malori zaidi ya mia moja yakiligonga daraja hilo. Mara nyingi paa la lori hubanduka kama kifuniko cha kopo. Mbele ya daraja imefungwa boriti nene ya chuma ili ipokee pigo. Boriti hiyo hulinda reli na treni, lori haililindi.

Wanafunzi watauliza: mbona barabara haikuchimbwa, au daraja kuinuliwa? Mwalimu awe tayari na jibu. Chini ya barabara hiyo limelazwa bomba kuu la maji machafu, hivyo kuichimba ilikuwa vigumu. Reli nayo haiinuliwi mahali pamoja tu, kwa maana treni haiwezi mwinuko mkali. Ukiinua daraja, huna budi kuinua na njia ya reli pande zote mbili. Kazi hiyo ilifanyika mwaka 2019. Daraja lilipandishwa kwa inchi 8, likafikia futi 12 na inchi 4, karibu mita 3.76. Hata baada ya hapo, malori yaliendelea kuligonga.

Jambo la kuzingatia ni kwamba maonyo hayakukosekana. Vibao vya kimo vilikuwapo. Mwaka 2016 kiliwekwa chombo kinachotambua lori lililozidi kimo, kikasababisha taa nyekundu kuwaka pamoja na kibao kinachomwamuru dereva akate kona. Wako waliosubiri taa igeuke kijani, kisha wakaendelea moja kwa moja hadi kwenye boriti. Madereva hao walijua kusoma. Lakini mengi ya malori hayo yalikuwa ya kukodi, na anayekodi lori kwa siku moja ili ahamishe vyombo vyake huwa amezoea gari dogo. Kibao humpa kipimo cha daraja. Kipimo cha lori lake hanacho, na akiwa kitini halioni paa lililo juu na nyuma yake.

KUTENGENEZA DHANA YA KIMO

Kabla ya kuingia katika hesabu, mwalimu aondoe utata wa lugha. Katika Kiswahili neno "urefu" hutumika kwa kitu kilicholala na kwa kitu kilichosimama. Tukisema "gari refu", mwanafunzi mmoja ataona basi lenye viti vingi, na mwingine ataona lori lililosheheni pamba hadi juu. Kwa hiyo tutumie neno "kimo" kwa kipimo cha kutoka chini kwenda juu, na tudumu nalo katika somo zima.

HATUA ZA SOMO

Zana: madawati mawili, ufito ulionyooka, vitabu au matofali ya kuinulia ufito, makasha ya karatasi ngumu, kipande cha sponji nene, mawe na rula.

Hatua ya kwanza: kukadiria. Wanafunzi wakadirie kimo cha mlango wa darasa, wakiandike, kisha wapime. Wasifute makadirio yaliyokosea. Tofauti baina ya kadirio na kipimo ndiyo itakayowafunza kwamba jicho peke yake si la kutegemewa.

Hatua ya pili: kujenga mfano. Tukubaliane kuwa sentimita 10 darasani ni mita 1 barabarani. Ufito uwekwe baina ya madawati, sentimita 35.6 kutoka sakafuni. Hilo ndilo daraja la Durham kabla ya mwaka 2019. Kasha lenye kimo cha sentimita 37 lisukumwe taratibu, litagonga. Sasa ufito uinuliwe hadi sentimita 37.6. Kasha litapita, na nafasi itakayobaki ni milimita 6, ambazo barabarani ni sentimita 6 tu. Kisha lipitishwe kasha la sentimita 39. Wanafunzi waeleze wenyewe kwa nini kuinua daraja hakukumaliza ajali.

Hatua ya tatu: kimo kinachobadilika. Kasha liwekwe juu ya sponji na kujazwa mawe, nalo litadidimia. Ufito uwekwe palepale ambapo kasha hilo linapita bila kugusa. Kisha mawe yaondolewe na kasha lirudishwe njia ileile. Sponji itafutuka na kasha litagonga. Ndivyo ilivyo kwa springi na matairi ya lori: lililopita salama likiwa na shehena laweza kugonga likirudi tupu. Vivyo hivyo, barabara ikiongezwa tabaka jipya la lami, nafasi chini ya daraja hupungua ingawa daraja halikuguswa. Basi kipimo cha jana si lazima kiwe cha leo.

Hatua ya nne: hesabu ya maisha. Tumetunga swali lifuatalo, na mwalimu aweza kutunga mengine yanayofaa mahali alipo. "Bodi ya lori iko mita 1.4 kutoka barabarani. Juu yake pamepangwa magunia yenye kimo cha mita 1.8. Juu ya magunia ameketi kijana, na kutoka penye magunia hadi utosini ni mita 0.8. Mbele kuna daraja lenye kibao cha mita 3.9. Je, shehena itapita? Je, kijana atapita?"

Shehena ina mita 3.2, nayo itapita pasipo shida. Kijana anafika mita 4.0. Dereva aliyejumlisha bodi na magunia amefanya hesabu sahihi, lakini amemsahau mtu. Mwalimu asiharakishe hapa. Katika sehemu nyingi za nchi zetu watoto huwaona watu wakisafiri juu ya mizigo, na baadhi yao wamewahi kupanda. Waachwe wajadili, wala tusiwape jibu kabla hawajalifikia.

TAHADHARI

Mwalimu asiwapeleke wanafunzi barabarani kupima madaraja au malori, wala asiwaruhusu kupanda juu ya gari lililoegeshwa. Mfano wa darasani unatosha.

KUTATHMINI

Swali la kuwapima wanafunzi lisiwe "Kibao kinasema mita ngapi?", kwa maana hilo hupima kusoma tu. Tuulize: "Kibao kimesema mita 3.9. Ni kipimo gani kingine tunachohitaji kabla ya kupita, nani atakipima, na kilipimwa lini?" Mwanafunzi anayejibu "kimo cha gari" ameanza kuelewa. Anayeongeza "pamoja na kila kilichomo juu yake, leo hii" amelielewa somo, na mwalimu aweza kuendelea na mada inayofuata.