HUKUMU YA KUUA WANYAMA WALAO KUKU

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba killa chenye kutembea juu ya ardhi na akakikadiria riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Masala yaulizwayo sana katika darasa zetu za pwani ni haya. Mtu ana kuku uwani mwake, na mnyama huja akawala: mchana mwewe, usiku kanu au fungo, na mara nyingine paka wa jirani. Je, yajuzu kumwua? Na amwuaye apata thawabu, au apata dhambi, au hapati hili wala lile?

Ndugu zangu, msiyaone masala haya kuwa madogo. Kuku watano wa mjane ndio fedha yake ya akiba; akiliwa mmoja, limepunguka daftari la mwanawe au dawa yake mwenyewe. Na kwa ajili ya paka mmoja majirani huacha kusalimiana hata siku ya Idi. Na roho ya mnyama nayo ina Mwenyewe, naye ni Yule aliyeiumba. Basi yatupasa tuijue hukumu kabla hatujashika fimbo.

FUNGU LA KWANZA: WANYAMA HAWANA HUKUMU MOJA

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, akiwamo Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, wamewapanga wanyama katika mafungu manne.

La kwanza ni wenye madhara wasio na nafuu kwa watu. Hawa ni sunna kuwaua. Imesihi kwa Bukhari na Muslim, katika mapokezi ya Bibi Aisha (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) amewataja watano wauawao hata ndani ya Haram ya Makka: kunguru, mwewe, nge, panya, na mbwa mwenye kuuma. Wanazuoni wakawaunganisha nao simba, chui na wafanana nao. Nyoka naye imekuja amri ya kumwua, ila nyoka wa majumbani ana hadithi ya kuonywa kwanza, nayo yataka somo lake mbali.

La pili ni wenye nafuu na madhara pamoja, kama kozi na kipanga wafunzwao kuwinda. Hawa si sunna kuwaua, kwa ajili ya nafuu yao; wala si makuruhu, kwa ajili ya madhara yao. Nionavyo mimi, nguchiro wetu ni wa fungu hili, kwani ala vifaranga na mayai, naye ala nyoka na panya.

La tatu ni wasio na nafuu wala madhara yaliyo dhahiri. Kuwaua hawa ni makuruhu, kwani ni mchezo usio na maana.

La nne ni waliokatazwa kuuawa: nyuki, sisimizi, hudihudi, na wengineo waliotajwa katika hadithi.

Basi amwuaye mwewe ashukaye juu ya vifaranga hana lawama. Na kunguru vivyo hivyo, illa wanazuoni wamemtoa kunguru mdogo alaye nafaka za shambani asiyekula mizoga. Kunguru waliojaa miji yetu leo si hao. Hawa waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale takataka, kisha wakaenea Mombasa, Dar es Salaam na pwani nzima, wakala vifaranga na mayai ya ndege wengine. Mwezi wa Juni 2024 serikali ya Kenya ilitangaza kusudio la kuwapunguza kwa kadiri ya milioni moja. Lakini jueni kwamba kunguru hufuata jaa. Mtu auaye kunguru kumi na kumwaga mabaki ya samaki nyuma ya nyumba yake amewaita ishirini.

Na bundi je? Wako wamwuao kwa kudai kuwa ni uchuro. Haya ni itikadi ya ujahili, na Mtume (S.A.W.) amekataza kuagulia mikosi kwa ndege. Chakula kikubwa cha bundi wa majumbani ni panya, naye panya ndiye adui wa ghala na wa mayai.

FUNGU LA PILI: PAKA WA JIRANI

Hapa ndipo watu huteleza. Paka mwenye mwenyewe ni mali ya mtu. Katika madhehebu yetu, paka ajulikanaye kwa ada yake kuwa ala kuku, mwenyewe yampasa amfunge. Asipomfunga, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba atalipa alichokiharibu, usiku au mchana. Ama asiyejulikana kwa ada hiyo, halipiwi. Basi jambo la kwanza ni kumwendea jirani kwa upole na kumwambia.

Paka akishikwa hali ameruka juu ya kuku, hukumu yake ni ya mshambulizi: azuiwe kwa lililo jepesi. Kama kelele zatosha, haifai fimbo. Kama fimbo yatosha, haifai panga. Asipozuilika illa kwa kuuawa, akauawa, hapana dhamana. Lakini je, yajuzu kumwua kesho yake, amelala kivulini? Hapa wanazuoni wetu wamekhitalifiana. Al-Kadhi Husein amejuzisha, akamfananisha na wale watano. Al-Kaffal amekataza, na kauli yake ndiyo iliyosahihishwa, kwa hoja kwamba kujilinda na paka ni jambo jepesi.

Itazameni hoja hiyo. Sharia haikutazama hasira ya mwenye kuku. Imetazama kama madhara yangeweza kuondoka bila ya kuua. Mnyama hana taklifu, wala hana dhambi ya kulipiziwa kisasi. Watu husema kanu ni mnyama wa husuda, kwa kuwa aweza kuua kuku kumi akala mmoja. Sivyo. Kuku waliofungiwa wakirukaruka gizani, humwamsha tabia aliyoumbiwa ya kukamata killa kitikisikacho. Husuda ni ya mwanadamu.

FUNGU LA TATU: KUJILINDA

Kulinda mali ni wajibu wa mwenye mali. Kanu na fungo huja usiku: basi kuku walazwe katika banda lililoinuliwa, lenye mlango wa kufungwa, na waya wa matundu madogo, kwani kanu hupenya penye nafasi ndogo. Nguchiro huchimba: basi chini ya banda pawe pagumu. Mwewe huja mchana: basi vifaranga wafunikwe kwa tenga mpaka wakue. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata punje: basi chakula kisiachwe usiku.

FUNGU LA NNE: ADABU YA KUUA

Ikilazimu kuua, Mtume (S.A.W.) ameamrisha kuua kuwe kwa wema, yaani kwa haraka bila ya mateso. Haijuzu kuchoma kwa moto, wala kumfungia mnyama afe kwa njaa. Na khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa paka aliyemfungia ni mashuhuri. Na mitego itazamwe killa asubuhi. Wala haijuzu kumfanya kiumbe hai kuwa shabaha. Abdallah bin Umar (R.A.) aliwapitia vijana waliomfunga kuku wakimlenga mishale, akawaambia kuwa Mtume amemlaani afanyaye hayo.

Ama sumu katika nyama itupwayo njiani, hiyo ni khatari kubwa. Haimchagui kanu; hula paka wa jirani, na huenda ikamfika mtoto. Madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Tena wanyama wa mwituni wana kanuni za nchi, ya Kenya ya mwaka 2013 na ya Tanzania Bara ya mwaka 2009. Akionekana chui, wapewe khabari wenye mamlaka.

FAIDA

Kuku aliyenyang'anywa kinywani mwa mnyama, akiwa angali na uhai uliothubutu, aona, alia, ajitikisa kwa hiari yake, akachinjwa kisharia, ni halali. Akiwa amekwisha kufa, ni mzoga, wala haliwi hata kama damu yake ni moto.

KHATIMA

Muradi wa maneno yetu ni huu: ruhusa ya kuua ni ruhusa ya kuondoa madhara, si ruhusa ya kutuliza ghadhabu. Mwenye kufunga mlango wa banda lake jioni amehifadhi kuku wake, na ujirani wake, na dini yake. Mwenyezi Mungu atujaalie rehema kwa viumbe vyake, ili naye aturehemu. Amin. Wallahu aalam.