Naimba, ila sijui kudansi

Swali: Naishi Marekani, naimba alto kwaya ya kanisani. Nimepata nafasi ya mafunzo ya tamthilia ya muziki kwenye kambi ya Interlochen, Michigan, likizo hii ya kiangazi. Sijawahi kusomea dansi. Nijiandaeje?

Jibu: Hongera, mwanangu. Kambi hiyo inapokea vijana tangu 1928; hutakuwa wa kwanza kufika na miguu mizito.

Ugumu uko katika kuimba na kucheza kwa pamoja: pumzi ikikatika, sauti hushuka. Anza sasa. Imba ukitembea kwa kasi, kisha ukipanda ngazi, hadi umalize mstari bila kuhema.

Ikiwa kutakuwa na usaili, andaa vipande viwili, cha taratibu na cha kasi, vya baa 16 au 32. Mpiga piano hupiga kilichoandikwa, hivyo peleka nota zilizo kwenye ufunguo wako.

Katika darasa la dansi, hesabu hadi nane. Shika hatua za miguu kwanza, mikono itafuata.

Kwaya imekupa mtaji: unajua kushikilia alto huku soprano wakivuta kwao. Waigizaji wengi huyumba hapo.

Sauti ikikauka, nyamaza kabisa. Kunong'ona si kuipumzisha.