"Amevaa" si "Has Worn"

Mdogo wangu wa Gachoka, barua yako nimeisoma mara mbili. Umerudishiwa insha ya Kiingereza imejaa wino mwekundu, na kosa ni lile lile: wakati uliopo unaoendelea. Unaniuliza kama una kichwa kizito. Hata. Unawaza kwa Kimbeere na Kiswahili, kisha unaandika Kiingereza, na lugha hizi hazigawi wakati kwa njia moja.

Umbo lenyewe halina shida. Mtenda, kisha "am", "is" au "are", kisha kitenzi chenye "-ing": "My mother is threshing green grams." Usiangushe hata kimoja. Wakenya tumezoea kuandikiana kwenye simu "Am coming", kwa sababu ndani ya "I'm" sikio linashika "am" peke yake. Kwenye insha, "I" lazima ionekane. Tahajia nayo ni ya kukariri tu: "come" huacha e yake, "sit" huongeza t, "lie" hugeuka "lying".

Kinachokuangusha ni -na-. Hebu jioni keti hapo nje umtazame mama. Ameshika fimbo, anapura ndengu, maganda yanaruka hadi kwenye kitambaa chake cha kichwa. Hapo ni "is threshing", kazi iko mbele ya macho yako. Lakini mtu akikuuliza msimu wa mavuno mama anashughulika na nini, utamjibu vile vile, "Anapura ndengu", hata kama saa hiyo mama yuko kanisani. Kiswahili hakioni tatizo. Kiingereza kinataka "She threshes". Mimi hujipima kwa hu-: nikiweza kusema "hupura" na maana isiharibike, "-ing" naiacha.

Halafu kuna vitenzi vya moyoni na kichwani, kama "know", "want", "need", "understand". Tunasema najua, nataka, naelewa, kwa hiyo mkono unakimbilia "I am knowing". Uzuie. "Have" ya kumiliki iko kundi hilo, na hiyo ilinitia aibu mimi mwenyewe. Nilikuwa natafuta kazi ya mapokezi, nikaulizwa habari za nyumbani, nikajibu kwa madaha, "I am having two brothers." Mhojaji akaniuliza watazaliwa lini. (Ukiwa mezani, "We are having lunch" ni sawa, maana hapo "have" ni kula.)

Sasa lile ambalo wengi hawaambiwi darasani, na nadhani ndilo lililomwaga wino wako. Kiswahili kina vitenzi ambavyo hali yake ya sasa huitaja kwa -me-. Ukimwona makanga kwenye matatu ya Kiritiri, husemi "anavaa koti". Unasema amevaa koti, amesimama mlangoni. Abiria wamekaa, mtoto amelala. Ukitafsiri neno kwa neno unapata "He has worn a coat" na "The child has slept", na msomaji atadhani koti limekwisha kuvuliwa na mtoto ameshaamka. Kiingereza kinaangalia kile unachokiona sasa: "He is wearing a coat. He is standing at the door. The child is sleeping." Chukua hiyo insha yako, tafuta kila "has worn", "has sat" na "has stood". Utanikumbuka.

Na ile "nakuja" yetu ya kumwambia mgeni huku tunatoka mlangoni, tuiache nyumbani. Ukisema "I'm coming" huku unaenda zako, Mwingereza atabaki anakutazama mgongo. Mwambie "I'll be right back." Ila kwa safari iliyokwisha kupangwa, umbo hili hili linafaa hata kama siku haijafika: "I am travelling to Embu on Friday."

Jumamosi ukitumwa sokoni, beba daftari. Andika sentensi kumi za watu unaowaona: wamevaa nini, wamekaa wapi, wanauza nini. Kisha nitumie, nitazisahihisha mwenyewe.