NANI WA KULAUMIWA?

Ndugu msomaji, leo nakupeleka Ugiriki. Usidhani ni Sokrates tena! Nataka umjue Charilaos Trikoupis, aliyezaliwa mwaka 1832 na kuwa Waziri Mkuu mara saba.

Sifa zake zilianza na swali. Mwaka 1874 gazeti moja la Athens lilichapa makala isiyo na jina la mwandishi, yenye kichwa "Nani wa Kulaumiwa?" Siku hizo Mfalme George wa Kwanza alimteua yeyote amtakaye kuwa Waziri Mkuu, hata kama hana wabunge wa kutosha. Serikali zikawa zinaanguka kama maembe mabivu. Makala ikajibu waziwazi: wa kulaumiwa ni mfalme. Mhariri akakamatwa. Trikoupis angeweza kunyamaza, lakini alijitokeza akasema mwandishi ni yeye, akatiwa jela siku chache. Hapo ndipo nilipompenda.

Mwaka uliofuata mfalme huyohuyo akamwita aunde serikali, na Agosti 1875 akaahidi mbele ya bunge kwamba atamteua tu mtu anayeungwa mkono na wabunge wengi. Ajabu ni kuwa uchaguzi ulipofanywa kwa haki, aliyeshindwa ni Trikoupis mwenyewe!

Alirudi na nguvu miaka ya 1880. Akajenga barabara na mamia ya kilomita za reli, na mfereji wa Korintho (ndiyo, Korintho ile ya Paulo) ukafunguliwa 1893. Pesa zilitoka wapi? Kodi, tena nzito, na mikopo ya ng'ambo. Mikopo mipya ikalipa ya zamani. Hata kwetu mtaani, ukikopa kwa mwenye duka ili umlipe mwenye maziwa, deni bado unalo.

Mpinzani wake, Theodoros Deligiannis, aliahidi kupunguza kodi akashinda uchaguzi wa 1885, kisha akakusanya jeshi kwa gharama kubwa bila faida yoyote. Halafu Wafaransa wakapunguza kununua zabibu kavu, zao kuu la Wagiriki, na bei ikaporomoka. Desemba 1893 Trikoupis akaliambia bunge kwamba nchi imefilisika.

Sasa nani wa kulaumiwa? Rafiki zangu wanasema Trikoupis. Mimi namtwika nusu tu. Nusu nyingine wagawane Deligiannis na zabibu. Wapiga kura hawakugawanya. Mwaka 1895 walimnyima hata kiti chake cha ubunge, akaenda Ufaransa, akafia Cannes mwaka 1896.