Kubadili Rekodi za Tovuti Nyingi kwa Msimbo: Vidokezo kwa Watumiaji wa WordPress

Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010, WordPress moja inaweza kubeba mtandao mzima wa tovuti. Zikifika 200, kuzihariri moja moja kwenye dashibodi kunachosha. Msimbo utamaliza kazi kwa dakika chache, na kwa dakika hizo hizo unaweza kuziharibu zote. Kwa hiyo:

1. Acha SQL, tumia funksheni. Kila tovuti ina mstari wake katika jedwali la wp_blogs, na kishawishi cha kuuandika upya moja kwa moja ni kikubwa. Kishinde. Tangu toleo la 5.1 la mwaka 2019 kuna wp_update_site(): inakagua data, inakataa anwani ambayo tovuti nyingine imekwisha kuichukua, inasafisha kache na kuziarifu programu-jalizi. SQL haifanyi hata moja kati ya hayo.

2. Mstari huo si tovuti nzima. Hapa ndipo wengi hukwama. Anwani imeandikwa pia ndani ya tovuti yenyewe, katika chaguo za home na siteurl. Kwa tovuti namba 7 zimo katika wp_7_options. wp_update_site() haizigusi. Ingia kwa switch_to_blog(7), zibadili kwa update_option(), kisha toka kwa restore_current_blog(). Kila kuingia kuwe na kutoka kwake, la sivyo msimbo unaofuata utaandika kwenye tovuti isiyohusika, tena bila kukuonyesha kosa lolote. Viungo vya zamani vilivyomo ndani ya makala vibadilishe kwa amri ya terminali wp search-replace, ukianza na --dry-run ili uone kitakachobadilika kabla hakijabadilika.

3. Angalia idadi. get_sites() huleta tovuti 100 tu usipoiagiza vingine. Tumia number na offset uzipitie kwa mafungu.

4. Kuficha, kuweka kumbukumbuni au kufunga tovuti ni suala la 0 na 1 katika safu za public, archived na deleted za wp_blogs. Usifute kitu ambacho ungeweza kukifunga tu.

5. Soma jibu la wp_update_site(). Ukipata namba ya tovuti, imekubali. Ukipata WP_Error, imekataa. Liandike kwenye logi pamoja na namba ya tovuti, kisha endelea na inayofuata.

Na kabla ya yote, chukua nakala rudufu ya hifadhidata, ujaribu kwenye tovuti moja isiyo na wasomaji. Tovuti hizo ni kazi za watu. Zishike kwa uangalifu.